Jua la Desemba: Paneli za Sola Katika Theluji ya Edmonton



Wengi wenu mmetuuliza, tangu turejee kutoka Kanada, baridi ya huko ilikuwaje na kwa nini hatujaandika neno. Tumechelewa kwa sababu safari ile ilitufunza jambo ambalo ilitupasa kulitekeleza kwanza hapa nyumbani, ndipo tulisimulie. Sasa limetekelezwa, na deni la kalamu tunalilipa.

Tulikwenda Edmonton, mji mkuu wa jimbo la Alberta, kumzuru mpwa wetu, mwana wa marehemu dada yetu. Alitoka Mji wa Kale, Mombasa, akiwa kijana; leo ni dereva wa basi huko, mwenye mke na binti wa miaka 13. Tulikwenda na mzigo moyoni. Kamati ya madrasa yetu ilikuwa katika mzozo. Mwaka juzi tulichangisha, tukaweka paneli 6 za sola juu ya paa ili wanafunzi wa jioni wapate taa na feni. Mwanzoni mambo yalikwenda vyema. Baada ya miezi michache feni zikaanza kulegea kabla ya Isha, na betri ikawa haijai. Baadhi yetu tukasema kwamba fundi alituuzia paneli mbovu. Lakini neno “baadhi yetu” ni pazia la kujificha. Ukweli ni kwamba sisi tulikuwa wa kwanza kulisema, na tulilisema barazani mbele ya watu. Fundi yule ni mtu wa mtaa wetu. Tangu siku ile akaacha safu ya mbele, akawa anaswali karibu na mlango na kuondoka mara tu baada ya salamu.

Tulifika Edmonton katikati ya Desemba. Kipimajoto cha gari la mpwa wetu kilionyesha digrii 26 chini ya sifuri. Sisi tuliolelewa katika fukuto la Mombasa hatuna methali ya baridi ya namna ile. Unyevu wa puani huganda kwa pumzi ya kwanza. Ndevu huota barafu. Mto mkubwa unaopita katikati ya mji, North Saskatchewan, ulikuwa umeganda, na moshi mweupe wa matanuri ya nyumba ulipanda wima bila kuyumba, kana kwamba hewa yenyewe imeganda pia.

Lakini kilichotutatiza zaidi ya baridi kilikuwa saa. Saa zetu za Kiswahili zimejengwa juu ya jua letu: likichomoza tunahesabu moja, likitua tunafunga kumi na mbili, na mwaka mzima hesabu haituruki ila kwa dakika chache. Kule Edmonton, juma la tarehe 21 Desemba, jua lilichomoza kama saa tatu kasorobo ya asubuhi na likatua saa kumi na robo. Adhuhuri iliingia saa sita u nusu, Alasiri saa nane, na Maghribi ikatukuta hatujamaliza chai ya alasiri. Siku nzima ya mwangaza haikufika saa 8. Mwezi wa Juni, mpwa wetu akatuambia, mchana wa hapo hufikia saa 17, na watu huteka nyasi za bustani zao baada ya chakula cha usiku.

Nyumba yake ni ya ghorofa moja na paa la mteremko. Juu ya mteremko unaoelekea kusini aliweka paneli 16, na hivi sasa ana miaka miwili tangu aziweke. Asubuhi ya kwanza tulitoka kuziona, tukaona weupe tu. Theluji ilikuwa imelala juu ya paa lote kama godoro, na mtu asiyejua asingetambua kwamba chini yake kuna kitu.

“Mjomba,” akasema mpwa wetu, “unaona mali yangu ilivyozikwa? Jua linawaka, nami sipati kitu.”

Kweli jua lilikuwa likiwaka, tena mbingu ilikuwa samawati safi. Alitufungulia programu kwenye simu yake inayoonyesha umeme unaozalishwa. Ilisoma sifuri. Kisha akatazama gereji, na mkewe aliyekuwa mlangoni akamwona anavyotazama.

“Ngazi haitoki,” akasema mkewe. “Shekhe, mwambie mpwa wako. Sisi hatusikilizwi.”

Hapo ndipo tulipopata habari ambayo ndugu zake wa Mombasa hawakuambiwa. Mwezi wa Januari uliotangulia alipanda paani na ufagio wa mpini mrefu kufagia theluji, ngazi ikateleza juu ya barafu, akaanguka. Alhamdulillahi hakupoteza maisha, lakini alivunjika kifundo cha mkono, na dereva wa basi asiyeweza kushika usukani hana kazi. Alikaa majuma 6 nyumbani. Mkewe alibeba saa za ziada hospitalini anakofanya usafi, na binti yao akawa anapika. Yote hayo kwa ajili ya kufagia paa. Na bado, theluji ilipoanguka tena, macho yake yalikuwa yakienda kwenye ngazi.

Tulimuelewa, na tukijiogopa tulisema hivyo. Mtu akiona adui mweupe amelala juu ya mali yake, mkono humwasha.

Aliyetufungua macho ni yule binti. Jioni, baada ya chakula, alikuja na daftari lake la shule. “Babu,” akasema, “Baba anadhani theluji ndiyo mwizi. Mimi nimeandika kila siku kwa miaka miwili.”

Alikuwa ameandika kweli: tarehe, hali ya anga, kama paneli zimefunikwa au ziko wazi, na uniti zilizopatikana, uniti zilezile tunazonunua kwa tokeni huku kwetu. Siku njema ya Juni paneli zile 16 hutoa uniti 40 hivi. Siku ya Desemba ambayo mbingu ni safi na paneli hazina hata chembe ya theluji, hutoa 9 au 10. Siku ya theluji nzito hutoa sifuri, au nusu uniti. Jumla ya mwaka ni kama uniti 7,000. Kisha, kwa kulinganisha siku zilizofunikwa na siku zilizo wazi zilizofanana nazo, alikadiria kwamba theluji ya majira yote, kuanzia Novemba hadi Machi, ilimchukulia baba yake uniti 250 hivi.

“Hizo ni siku sita au saba za Juni, Babu,” akasema. “Wiki moja tu ya kiangazi.”

Baba yake alinyamaza. Wiki moja ya Juni. Naye alilipa kwa majuma 6 ya mshahara na kifundo kinachomuuma mpaka leo kila baridi inapozidi.

Tukamuuliza binti: basi kama si theluji, nani aliyechukua zile uniti 30, kutoka 40 za Juni hadi 10 za Desemba, katika siku ambayo paneli ziko wazi? Akacheka, akatuambia kwamba hilo sisi ndio tunaolijua zaidi, kwa kuwa mwalimu wake wa madrasa amemwambia kuwa zamani masheikh walipima nyakati za swala kwa kivuli.

Basi kesho yake, saa sita u nusu, tukatoka uani tumevaa makoti mawili mawili, tukachagua mahali ambapo theluji imeshindiliwa ikawa sawa, tukachomeka ufito uliobakia mita 1 kamili juu ya ardhi. Ndivyo tulivyofundishwa utotoni na mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa na fimbo yake uani mwa madrasa na asiyeamini saa ya ukutani. Kwetu Mombasa, takriban tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini na fimbo hukosa kivuli kabisa wakati wa adhuhuri. Hata mwezi wa Desemba, jua linapokuwa mbali nasi upande wa kusini, kivuli cha fimbo ya mita 1 hakifiki nusu mita. Pale Edmonton, adhuhuri ile, binti alitandaza utepe wa kupimia juu ya theluji: kivuli kilikuwa na mita 4 na zaidi ya robo.

Tulisimama tukakitazama kivuli kile mpaka vidole vikafa ganzi. Hapakuhitajika hesabu nyingine. Jua la huko, wakati wa adhuhuri ya Desemba, huinuka digrii 13 tu juu ya upeo wa macho. Kwetu hiyo ni hali ya jua lisilofika hata saa moja tangu kuchomoza, lile ambalo bado halijakausha umande. Nuru yake hupita katika hewa nene zaidi ya mara 4 kuliko nuru ya jua la utosini, na kila hatua ya hewa hiyo hula sehemu yake. Na jua hilo dhaifu hukaa angani kwa saa 7 u nusu kisha likaondoka. Mwizi mkubwa wa Desemba, basi, ni umbali wa jua kutoka utosini na ufupi wa siku. Huyo hafukuzwi kwa ufagio.

Binti alituambia pia kwamba katika mji uleule, chuo cha ufundi kiitwacho Northern Alberta Institute of Technology kiliwahi kulichunguza jambo hili kwa miaka kadhaa kuanzia 2012. Walisimamisha paneli mbili mbili kwa miinamo tofauti: digrii 14, 18, 27, 45, 53, na nyingine 90, yaani wima kama ukuta. Katika kila jozi, paneli moja ilikuwa ikifagiliwa theluji na mwenzake akaachwa kama alivyo. Matokeo yalionyesha kwamba zile zilizoachwa zilipoteza kati ya asilimia 1 na 5 hivi ya umeme wa mwaka mzima. Zilizolala zaidi zilipoteza zaidi, na zilizosimama hazikupoteza kitu cha kutajika, kwa kuwa theluji haina pa kukaa. Daftari la mtoto wa miaka 13 na vipimo vya chuo vilikuwa vinasema lugha moja.

Tukajifunza na jambo la pili, ambalo lilitushangaza kuliko la kwanza. Sisi tulidhani kwamba baridi ni adui wa sola, kwa kuwa tunaambiwa sola ni jua na jua ni joto. Sivyo. Paneli hula nuru, na joto huichosha. Nguvu inayoandikwa nyuma ya paneli hupimwa ikiwa na joto la digrii 25. Kila digrii moja inayozidi hapo hupunguza nguvu kwa kiasi cha asilimia 0.3 hadi 0.5, na kila digrii inayoshuka huiongeza kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo katika siku angavu ya baridi kali, paneli iliyo wazi hufanya kazi kwa nuru ileile iliyopata vizuri kuliko paneli yoyote ya Mombasa. Tena theluji iliyolala uani humrudishia jua sehemu kubwa ya nuru yake, ikawa paneli zilizoinuka sana hupata kutoka juu na kutoka chini. Mafundi wa huko hulazimika hata kuhesabu baridi kali kuliko zote inayoweza kuja, kwa sababu baridi huupandisha msukumo wa umeme, na inveta isiyochaguliwa kwa hesabu hiyo huweza kuungua katika asubuhi ya digrii 40 chini ya sifuri. Nani angedhani kwamba kitu kingeungua kwa baridi?

Betri ndiyo isiyopenda baridi. Zile za lithiamu haziruhusiwi kujazwa zikiwa chini ya sifuri, kwa hiyo wenye kuwa nazo huziweka ndani ya nyumba. Mpwa wetu hana betri. Yeye huuza kwenye laini ya mji umeme unaomzidi wakati wa kiangazi, akahesabiwa kwenye bili, na wakati wa baridi hununua. Nyumba yenyewe hupashwa moto kwa gesi. Tulimwambia kwamba babu zake wa majahazi walifanya vivyo hivyo: walisafiri kwa kufuata majira ya kaskazi na kusi, na katika miezi ya bahari chafu walikula walichokichuma miezi ya bahari shwari. Mtu hakusimama ufukweni mwezi wa Juni akapigana na mawimbi.

Siku ya tatu tuliyaona yaliyosalia kwa macho yetu. Anga lilikuwa safi tangu asubuhi. Kama saa tano, ukingo wa chini wa paneli ulionekana umefanya mstari mweusi mwembamba. Ndivyo inavyoanza: nuru kidogo hupenya theluji, paneli nyeusi hupata uvuguvugu, tabaka la chini hulainika, na mteremko hufanya kazi yake. Programu ya simu bado ilisoma karibu na sifuri, ingawa sehemu ya paneli ilikwisha kuwa wazi. Tukauliza sababu. Mpwa wetu, ambaye kwa sasa alikuwa amechangamka, akatukumbusha mafundi wa zege wanavyopokezana makarai kwa mstari: mmoja akisimama, mstari wote husimama. Vijiwe vya ndani ya paneli vimefungwa namna hiyo, kimoja baada ya kingine. Vimewekewa njia za pembeni za kukivuka kikundi kilichokwama, lakini hata hivyo kivuli kidogo mahali pabaya huweza kukata nguvu kuliko ukubwa wake.

Neno lile, kivuli kidogo mahali pabaya, lilitushika kooni. Tulinyamaza nalo.

Kiasi cha saa saba pakasikika mkwaruzo, kisha kishindo kama cha magunia ya unga yanayotupwa kutoka kwenye lori. Theluji ya safu nzima ya chini iliteleza ikaanguka uani, mahali hasa ambapo mpwa wetu angekuwa ameegemeza ngazi. Mkewe alitoka jikoni akatazama rundo lile, akamtazama mumewe, akarudi ndani bila kusema. Uniti zikaanza kupanda. Jioni ile daftari liliandikwa uniti chache. Ngazi ilibaki gerejini, na kabla hatujaondoka mpwa wetu alimpa mkewe ufunguo kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya Ijumaa alitupeleka kuswali, na njiani akatueleza habari za msikiti wa Al Rashid, uliojengwa Edmonton mwaka 1938, nao ndio msikiti wa kwanza kujengwa Kanada. Waislamu wa mji ule walikuwa familia chache, wengi wao wenye asili ya Lebanoni na Syria. Bibi mmoja, Hilwie Hamdon, alikuwa mstari wa mbele katika kuuzungukia mji akiomba michango, hata kwa wenye maduka wasiokuwa Waislamu. Fundi aliyeujenga alikuwa mtu mwenye asili ya Ukraine, ambaye inasimuliwa kwamba hakupata kuona msikiti maishani mwake. Jengo lile la zamani baadaye lilihamishwa, na leo limehifadhiwa katika Fort Edmonton Park. Tulifikiri sana juu ya fundi yule. Waliomkabidhi kazi walimwamini, naye akafanya kwa kadiri ya alivyoelezwa. Kama pangekuwa na kasoro, je, wangemwita barazani kwanza au wangepanda juu wakatazame?

Tuliswali tumeelekea kaskazini kidogo mashariki, maana njia fupi ya kwenda Makka kutoka Edmonton hupitia huko juu, karibu na ncha ya dunia. Paneli za mpwa wetu zimeelekea kusini. Sisi tunaoelekea kaskazini huku Mombasa kwa sababu Makka iko juu yetu takriban sawasawa, tulijiona hatukuhama. Na katika sala ile tuliomba msamaha kwa neno tulilolisema barazani, tukijua kwamba haki ya mja haishii kwenye toba, mpaka mwenyewe aombwe.

Tuliporejea, jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kuitisha kamati. Tulimwomba kijana mmoja wa madrasa ashike ngazi ya imara, tukapanda paani wenyewe kabla ya jua kupata nguvu. Katika miaka miwili hatukuwahi kupanda. Tuliyoyakuta tunayaandika kama tulivyoyaona.

Kunguru wa mtaa wetu walikuwa wameziandika paneli zile kama ubao. Juu ya kinyesi chao palikuwa na vumbi lililoshikana na chumvi ya bahari, gumu kama plasta. Tawi la mwembe wa jirani, ambalo wakati wa kuweka paneli lilikuwa fupi, lilikuwa limejinyoosha mpaka juu ya paneli mbili, na tulipokaa mpaka alasiri tukaona kivuli chake kikizipitia. Na paneli zenyewe zilikuwa zimelazwa juu ya mabati bila nafasi, hewa haipiti chini yake. Adhuhuri hazishikiki kwa mkono. Paneli iliyolala juu ya bati la Mombasa huweza kupita digrii 60, na kwa hesabu tuliyojifunza kwenye baridi, hiyo ni zaidi ya sehemu moja katika kumi ya nguvu inayopotea kila siku angavu, kimya, bila weupe wowote wa kuonekana.

Mpwa wetu alikuwa na adui anayeonekana, akampiga vita kupita thamani yake. Sisi tulikuwa na maadui wasioonekana kutoka chini, na kwa kuwa hatukuwaona tukamtafuta mtu wa kumlaumu.

Tukashuka, tukafungua faili la kamati. Ndani yake mlikuwamo karatasi ya makadirio ya fundi, kwa mwandiko wake. Mstari wa nne ulisema: vyuma vya kuinua paneli kutoka kwenye bati. Mstari wa sita ulisema: kukatwa kwa tawi la mwembe, na kufagiliwa paneli kila mwezi. Mistari yote miwili ilikuwa imepigwa kalamu ili kupunguza gharama. Pembeni palikuwa na sahihi ya kuidhinisha, na sahihi ile ni yetu.

Tulikwenda nyumbani kwake baada ya Alasiri. Hatukumtuma mtu. Tulimwambia mbele ya mkewe na wanawe kwamba tulimdhulumu kwa ulimi wetu, kwamba kosa lilikuwa letu, na kwamba Ijumaa tungelisema mahali palepale tulipolisema la kwanza. Alitazama chini kwa muda. Kisha akauliza kama tawi limekwisha kukatwa. Tukasema bado. Akamwita mwanawe amletee msumeno.

Ijumaa ile tulisema kama tulivyoahidi. Vyuma vya kuinulia vimewekwa, paneli zimeinamishwa digrii 10 hivi ili mvua izioshe, na hewa sasa inapita chini yake. Kijana mmoja hupangusa kwa maji na kitambaa laini mara moja kwa mwezi, alfajiri, paneli zikiwa baridi, na hapandi peke yake. Wenye paneli majumbani mwenu, tunawashauri mambo hayohayo, na zaidi mkae uani siku moja kuanzia asubuhi hadi jioni, mtazame vivuli vinapita wapi. Miti hukua, na jirani hujenga ghorofa.

Feni za madrasa hazilegei tena kabla ya Isha. Binti wa mpwa wetu ametuletea ujumbe kwamba Januari imekuwa ya theluji nyingi, na baba yake hajapanda paani hata mara moja. Ametuomba nasi tumwekee daftari la paneli zetu, apate kulinganisha, na wanafunzi wa darasa la tatu wamelianza. Fundi ndiye anayewasomesha namna ya kusoma inveta, kila Jumamosi baada ya somo la Qur'ani.

Wabillahi tawfiq.